Popo, nyoka, mwewe na jirani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanyama wanaoingia parseleni (viwanja vya nyumba), Bukavu, Kongo

Maswali haya hatukuyatunga sisi. Yametoka kwenye salongo (kazi za pamoja za mtaa) za Jumamosi, kwenye misiba watu wakikesha, na kwenye simu za saa tatu usiku zinazoanza na "Njoo haraka, kiko ndani!" Avenyu yetu, yaani mtaa wetu, iko upande wa Panzi. Tuko watu sita hivi tunaoitwa mnyama akiingia kwa mtu: fundi wa mabati, mama anayefuga dende (simbilisi), mzee wa nyuki aliyetoka Walungu, na sisi wengine ambao ujuzi wetu ni ndoo, fagio na subira. Hatuna ofisi. Mahali watu huumia au wanyama hufa bure tumeeleza kwa urefu, kwingine tumepita haraka.

## Mambo ya msingi

Kwa nini wanyama hawa wako mjini? Si wabaki huko kwenye hifadhi ya msitu ya Kahuzi?

Wengi wao hawajawahi kuiona Kahuzi. Wamezaliwa hapa hapa, kama watoto wetu. Bukavu imekaa juu ya rasi za ziwa Kivu na kupanda vilima vya nyuma mpaka pale ambapo hata mbuzi hufikiri mara mbili, na katika kujenga hivyo tumewapa wanyama kila wanachotaka. Nafasi kati ya mabati na plafo (dari) ni pango lenye joto. Ukuta wa mawe usiosilibwa una vyumba vingi kuliko hoteli. Na takataka ni soko lisilofungwa: zinatupwa mtaroni, mvua inazishusha mto Kawa, zinafika ziwani, na plastiki inakwenda kukwama kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi. Umeme ukikatika tunalalamika. Panya wanaokula njiani hatuwahesabu, na nyoka na bundi wanaowafuata panya hao tunawaita wavamizi.

Kwa nini msiue tu? Ni haraka zaidi.

Kwa siku moja, ndiyo, ni haraka. Lakini ukiua mwewe na utumbo wa samaki ukaendelea kutupwa palepale, mwewe mwingine atachukua nafasi.

Kuna mfano wa Uganda ambao huwa tunausimulia sana. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, ugonjwa hatari wa jamii ya Ebola, na virusi vikapatikana kwa popo wanaoishi mgodini. Popo wakauawa kwa maelfu na njia zao zikazibwa. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena wilaya ya Ibanda, jirani na mgodi huo (Ibanda ya kule Uganda, si komine ya Ibanda ya hapa Bukavu). Wataalamu waliporudi mgodini walikuta popo wamerudi, idadi ndogo kuliko zamani, lakini wenye virusi walikuwa kama 13 katika kila 100, wakati zamani walikuwa kama 5. Wataalamu wanadhani popo wageni, ambao miili yao haijawahi kukutana na virusi, walikuwa wameingia nafasi ya waliouawa. Walioua walitaka kumaliza hatari, wakaiongeza.

Mnyama ameingia kwangu. Avenyu nzima inahusikaje?

Kwa sababu mnyama hajui mpaka wa parsele. Huku kwetu bati la jirani wa chini liko sawa na miguu yako ukisimama uani, na mabati ya nyumba mbili yanagusana. Miaka michache iliyopita baba mmoja aliziba matundu ya popo peke yake, kimya kimya, Jumapili mchana. Jumatatu asubuhi popo wote walikuwa kwa jirani wa kushoto, na harufu juu. Familia hizo mbili ziliacha kusalimiana karibu miezi miwili, mpaka shefu wa avenyu alipowakalisha.

Tangu hapo tuna kanuni moja: kabla ya kugusa chochote, majirani wa pande nne wajulishwe. Ikiwezekana nyumba zote zilizoshikana zifanye kazi jioni moja. Gharama tunachanga. Asiye na pesa analeta ngazi, asiye na ngazi anapika chai.

Sheria inasemaje?

Kongo ina sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira asilia. Wanyama waliolindwa, kama gorila na shimpanze, hawaruhusiwi kuuawa, kukamatwa, kufugwa wala kuuzwa. Taasisi ya serikali inayoshughulika nao ni ICCN. Kwa panya na mbu hakuna anayekuuliza. Kwa kima na kasuku, soma sehemu ya mwisho kabla hujatoa pesa mfukoni.

## Popo

Nasikia mikwaruzo kwenye plafo. Nifanye nini usiku huu?

Lala. Usipande juu usiku, usiwashe moto wa pilipili chini ya dari (amewahi kufanya mtu, na aliyekimbia ni yeye na watoto wake). Kama kuna tundu linalofungukia chumbani, liweke kitambaa.

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo jioni, simama nje na utazame ukingo wa bati. Popo hutoka mmoja mmoja wakati mwanga unafifia, kwenye tundu ambalo mara nyingi si kubwa kuliko kidole gumba. Ukutani chini ya tundu utaona alama ya mafuta na vinyesi vidogo vyeusi. Kiponde kinyesi kwa kijiti: cha popo huvunjika kuwa unga wenye vipande vinavyong'aa vya mabawa ya wadudu, cha panya kinabaki kigumu. Ukiona ni panya, nenda kwenye swali la panya.

Nitawatoaje bila kuwaua?

Wanatoka wenyewe kila jioni. Kazi yako ni kuwazuia kurudi. Ziba kwanza matundu yote yasiyotumika, ubakize lile wanalotokea. Juu ya hilo pigilia wavu wenye macho madogo sana, juu na pembeni, ukining'inia kama pazia na kushuka kama nusu mita chini ya tundu, chini ukiwa wazi. Popo akitoka anateleza chini ya pazia na kuruka. Akirudi anatafuta tundu kwa harufu, anagonga wavu, hajui kwamba njia iko chini. Uache usiku saba, ndipo uzibe kwa simenti.

Kipande cha chandarua kilichochakaa kinafaa. Tunasisitiza: kilichochakaa. Tulishamkuta mtu amekata cha kitanda cha mtoto, na malaria Bukavu inaua kuliko popo wote wa mji huu.

Jambo la kuangalia kabla ya yote ni watoto wa popo. Jike huzaa mmoja kwa kawaida, na kwa wiki kadhaa mtoto hawezi kuruka. Usiku, wakubwa wakishatoka, weka sikio kwenye plafo. Ukisikia vilio vyembamba, subiri wiki sita ndipo uweke wavu. Usiposubiri, mama watahangaika nje, watoto watakufa ndani, na harufu utakayoipata itakufanya uitamani ile ya mwanzo.

Je, popo hawa wanaleta Ebola?

Hili ndilo swali lenye hofu kubwa, na hofu ina sababu: mlipuko wa Agosti 2018 hadi Juni 2020 uliua watu wengi Kivu Kaskazini na Ituri, na Agosti 2019 ukagusa hata Mwenga, hapa Kivu Kusini. Lakini Mwenga ulifika na msafiri aliyetoka Beni. Popo wa bati hawakuwa na sehemu yao hapo.

Marburg imethibitishwa kwa popo wa matunda wanaoishi mapangoni na migodini. Kwa Ebola wanasayansi wanawashuku popo wa matunda, lakini virusi hai havijapatikana kwao. Popo wadogo wa kwenye mabati wanakula wadudu. Hiyo haina maana uwashike. Popo aliyeanguka au aliyekufa usimguse kwa mkono mtupu: tumia koleo au mfuko wa plastiki mgumu, mfukie, nawa kwa sabuni. Na watoto waambiwe mapema, kwa sababu wao ndio humwokota. Akikuuma, soma swali la kuumwa.

Na kinyesi kilichojaa juu ya plafo?

Usikifagie kikavu. Vumbi lake linaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Kinyunyizie maji, funika pua na mdomo, vaa glavu, kikusanye kikiwa kimeloa. Mama wa dende anakichanganya na takataka za kuozesha, anaweka kwenye mboga za lenga-lenga (mchicha). Sisi tunazila hizo lenga-lenga bila kuuliza.

## Nyoka

Nyoka yuko ndani ya nyumba sasa hivi!

Toa watoto. Mtu mmoja mzima abaki mlangoni akimtazama nyoka kwa mbali, mita tatu au zaidi, macho yasimwache. Nyoka usiyejua amejificha wapi ndiye mbaya, unayemwona unaweza kumkwepa. Fungua mlango wa nje, zima redio, watu waache kukanyaga sakafu kwa kelele. Mara nyingi atafuata ukuta mpaka atoke. Tulishasubiri dakika arobaini uani na watu thelathini, kila mmoja na fimbo na maoni yake, na nyoka akatoka kupitia mtaro wa jikoni bila hata kututazama.

Asipotoka, mzungushie kizuizi (mbao, vitambaa vizito vya kuziba chini ya mlango) ili abaki chumba kimoja, ndipo utafute mtu mwenye uzoefu. Anayeumwa mara nyingi ni yule aliyekaribia na panga. Fira akisimama na kupanua shingo anakuambia urudi nyuma, basi rudi. Wengine wa jamii yake hutema sumu machoni: ikitokea, osha macho kwa maji mengi sana, usisugue, uende hospitali.

Nimwage mafuta ya taa kuzunguka nyumba? Au unga wa kiberiti (salfa)? Au nichome tairi?

Hapana kwa yote matatu. Mafuta yanaharibu bustani, tairi linaharibu mapafu ya jirani, na nyoka hupita. Kinachomleta ni panya, na kinachomweka ni maficho: rundo la matofali, mabati ya zamani, kuni zilizolala chini, shimo la ukuta wa kushikilia udongo. Inua kuni juu ya mawe kwa kimo cha goti. Siliba ukuta. Wakati wa mvua maji yakijaza mashimo, nyoka hutafuta pakavu, kwa hiyo kazi hii ifanywe Agosti kabla ya mvua za Septemba. Avenyu yetu hutenga salongo moja nzima kwa kuta na marundo tu.

Mtu ameumwa na nyoka. Jiwe jeusi, lile linalobandikwa kwenye jeraha ili linyonye sumu, linasaidia?

Halisaidii. Tunajua liko katika nyumba nyingi hapa Kivu, tunajua kuna waliopona "kwa jiwe". Nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Waliopona hivyo wangepona hata kwa kuwekewa kifungo cha shati. Shida ya jiwe ni saa tatu zinazopotea likiwa limeshikamana na jeraha.

Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaja. Mguu au mkono usitikisike: ufunge kwenye ubao kama uliovunjika. Mbebeni, asitembee. Pigeni simu kwanza kuuliza hospitali ipi ina serumu (dawa ya sumu ya nyoka), kwa sababu si zote zinayo, na kuzunguka mji mzima na mgonjwa kwenye pikipiki ni kupoteza muda uleule wa jiwe. Usimlete nyoka. Picha ya mbali inatosha.

## Mwewe, kunguru na paka-pori

Mwewe anachukua vifaranga vyangu kila siku.

Wiki nne za kwanza vifaranga visitembee wazi. Kitunga kikubwa kilichopinduliwa, au kibanda cha mianzi chenye wavu juu, kinatosha. Mwewe hushuka kutoka juu kwa mwendo, akihitaji njia iliyo wazi, kwa hiyo kamba chache zilizovutwa uani juu ya kichwa, zenye vipande vya kanda ya kaseti au mifuko inayong'aa, humvuruga. Zihamishe kila baada ya siku chache maana anazoea. Migomba pia inasaidia. Kuku wakilelewa chini ya migomba, mwewe hupita akitazama tu.

Na anayesafisha sambaza (samaki wadogo wa ziwani) uani afukie utumbo. Mwewe huja kwa utumbo, kifaranga ni nyongeza.

Kunguru wanararua mifuko ya takataka.

Ndoo yenye kifuniko na jiwe juu. Hatuna jibu lingine.

Kuna mnyama mwembamba, ana madoa na mkia wa pete, ameua dende kumi usiku mmoja na hakula hata nusu.

Huyo ni kanu, wengi hapa humwita paka-pori. Hakuua kwa ubaya: mbele yake kila kinachokimbia na kupiga kelele kinamwita ashike, na dende kwenye sanduku hawana pa kukimbilia. Anapita kwenye tundu ambalo kichwa chake kinapita, kwa hiyo macho ya wavu yawe madogo kuliko ngumi ya mtoto na sanduku liinuliwe kwenye miguu iliyozungushiwa bati laini. Mama wa dende alipoteza kumi na nne. Alitaka kuweka nyama yenye sumu, tukamkumbusha kwamba mbwa wa pasta na paka wa dukani hupita palepale. Akatengeneza sanduku jipya kwa mbao. Kanu bado anapita. Asubuhi tunaona nyayo zake kwenye tope, zinazunguka sanduku mara mbili halafu zinakwenda.

## Nyuki na panya

Bonge la nyuki limening'inia kwenye mparachichi.

Kama limening'inia tu nje, hao ni wasafiri. Wamejaa asali tumboni na hawana nyumba ya kulinda, kwa hiyo ndio wapole kuliko watakavyowahi kuwa. Ndani ya siku moja hadi tatu huondoka. Weka kamba ya onyo, funga mbwa na mbuzi mbali, wazuie vijana na mawe. Wakiwa wameshaingia ndani ya bati au ukuta, hiyo ni kazi ya mfugaji, jioni, kwa moshi na mzinga. Petroli kamwe: nyumba za mbao zimeshikana, na moto Bukavu hauishii kwenye nyumba moja.

Ukishambuliwa kimbia moja kwa moja mpaka ndani, usijitupe majini, usipungepunge mikono. Mwiba ukwangue haraka. Mtu akivimba uso au akikosa pumzi, hospitali dakika hiyo.

Sumu ya panya inayouzwa kwenye vifuko sokoni?

Hatuitaki, na hapa hatubembelezi. Panya aliyekula haanguki hapohapo. Anatembea akiyumba, na paka, bundi au kuku humshika kwa urahisi, nao wanaweza kufa. Vifuko vingine havina hata maandishi, na tumeona mtoto wa miaka miwili amekishika kama pipi. Mtego wa kubana ulio imara huua mara moja. Lakini mtego bila usafi ni mchezo: unga kwenye bidoni yenye kifuniko, vyombo vioshwe kabla ya kulala, tundu lizibwe kwa vipande vya chupa na simenti.

## Mambo magumu

Nimeumwa au kukwaruzwa na mbwa, popo, kima.

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, tazama saa. Usipake pilipili wala mafuta. Siku hiyo hiyo nenda kituo cha afya ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikianza karibu hakuna anayepona. Kabla hazijaanza, chanjo inazuia.

Kuna mtu anauza kima mdogo barabarani. Nimnunue nimwokoe?

Tunaelewa moyo, lakini usinunue. Kima mchanga humshikilia mama yake kifuani, na aliyekuletea mtoto amemuua mama. Ukilipa, wiki ijayo ataua mwingine. Jiepushe na ugomvi na muuzaji, kumbuka mahali na saa, wajulishe ICCN. Wanaochukuliwa kutoka kwa wauzaji hupelekwa Lwiro, kituo cha kutunza shimpanze na kima kilichoanza mwaka 2002, kaskazini mwa mji kwenye njia ya Katana. Shimpanze peke yao huko wamepita 100, na kila mmoja ana historia kama hii. Kasuku wa kijivu ni hivyo hivyo: tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Kama kima tayari yuko nyumbani kwako, usimwachie msituni usiku. Hatajua kula, na anaweza kupeleka ugonjwa wa watu kwa wenzake. Wapigie ICCN.

Nina ndugu Uvira, wao wana viboko. Je, haya yanafaa?

Ziwa Kivu halina kiboko wala mamba, kwa hiyo sisi si mafundi. Wenyeji wa Uvira wanasema hivi: usiku kiboko hutoka majini kula nyasi, usisimame kati yake na maji, usimmulike, usilime wala kujenga kwenye njia yake.

Bundi analia juu ya bati la mama mzee, na watu wanasema ni mchawi.

Hapa mnyama ni sehemu ndogo, aliye hatarini ni yule mama. Usingoje mkutano wa Jumamosi. Watu wawili wenye heshima waende wakakae kwake jioni hiyo hiyo, shefu wa avenyu ajulishwe, na vijana watafutwe mmoja mmoja kabla hawajawa kundi.

Kwetu ilitokea. Tulikwenda watu kumi na mbili, pamoja na vijana wanne waliokuwa wamebeba mawe mifukoni, tukakaa kwenye ngazi ya nyumba ya jirani wa juu, mahali unapoliona bati la mama mzee kama meza mbele yako. Saa mbili na nusu akaja bundi mweupe, uso kama moyo, bila sauti ya bawa hata moja. Mdomoni alikuwa na panya. Aliingia chini ya ukingo wa bati, na makelele yaliyokuwa yakiitwa sauti za wafu yakaanza: watoto watatu wakigombea chakula.

Asubuhi mzee wa nyuki aliokota chini ya ukuta vidonge vya manyoya ambavyo bundi hutapika, akavivunja kwenye sahani mbele ya watu. Fuvu za panya, moja, mbili, tano, kumi na moja. Mama mzee akaomba sahani yake irudishwe ikiwa imeoshwa. Kijana mmoja aliinama, akamwaga mawe yake mtaroni, akaichukua akaenda nayo bombani.